Eti mtu mwembamba hapati ugonjwa wa sukari?

Huku Kisumu ukiwa umekonda utaambiwa sukari ni ya wanene. Hiyo dhana inaniuma sana juu inafanya watu wasiende kupimwa. Utaona mama anayeuza omena soko la Kibuye, mashavu yameingia ndani, mishipa imetokeza mikononi, anamaliza jagi la maji na bado ana kiu, usiku kucha ni choo, na majirani wanasema ni chira, laana ya kuvunja mila.

Si chira. Kuna ugonjwa unaitwa lipodistrofia, mafuta ya chini ya ngozi yanapotea, sasa yale unayokula yakikosa ghala yanajaa kwenye ini na misuli, insulini, homoni ya kushusha sukari, inashindwa kazi, sukari inapanda, na mafuta ya damu yanaweza kupanda hadi kongosho ifure. Wengine wamezaliwa nao. Huku kwetu wengi walitolewa mafuta na stavudini, ile dawa ya zamani ya HIV ambayo WHO ilishauri iachwe 2009. Tafadhali usiache ARV, yaani dawa za HIV, za sasa kwa sababu ya hiyo stori!

Dhana nyingine ni kwamba mafuta ni uchafu tu mwilini. Mwaka 2000 watafiti Marekani walichukua panya wasio na mafuta, wenye sukari na ini kubwa, wakawapandikizia chini ya ngozi mafuta ya panya wenye afya, na sukari ikashuka. Baadaye wakajaribu mafuta ya panya wasiotengeneza leptini, hayakusaidia. Leptini ni homoni inayotoka kwa mafuta yenyewe, iligunduliwa 1994, ndiyo huambia ubongo mwili una akiba ya kutosha.

Sasa kuna wenye wanasema basi ndugu yangu mnene anipe ya tumbo lake. Hapana, wale panya walikuwa wa ukoo mmoja, karibu sawa kabisa, lakini mwili wa binadamu hukataa nyama ya mwingine. Na yale mafuta yako mwenyewe daktari anahamishia mashavuni yanarudisha sura, hayashushi sukari.

Kilichofika kwa binadamu ni sindano ya leptini, metreleptini, Marekani waliiidhinisha 2014 kwa waliopoteza mafuta mwili mzima. Waliopata shida kupitia HIV hawamo kwenye idhini hiyo, wao hubadilishiwa ARV kama bado wako kwa ile ya zamani, sukari na mafuta ya damu yanatibiwa kwa lishe na dawa za kawaida kama metifomini, na kipimo kinaanzia hapo kliniki hata kama kilo zako ni chache.