Sailensa ni Yako, Lakini Kuigusa ni Suala Jingine

Huko tulikokulia, sailensa ni kitu cha gari. Ikitoboka unaipeleka gereji, fundi anaikata, anachomelea kipande kipya, unamlipa na safari inaendelea. Nadhani mazoea hayo ndiyo yanayowaponza Waswahili wenzangu wanaoishi Marekani na kumiliki bunduki za kuwindia, kwa sababu sailensa ya bunduki, ingawa kanuni yake ya kupoza na kupunguza kasi ya gesi inafanana na ile ya gari, mbele ya sheria ya shirikisho inahesabiwa kuwa silaha kamili, hata ikiwa mezani peke yake bila bunduki yoyote karibu. Mimi ni wakili hapa Texas, na kazi yangu imegawanyika kati ya sheria za silaha na sheria za uhamiaji. Mada hii iko palepale zinapokutana hizo mbili.

Mwaka jana alikuja ofisini ndugu mmoja, dereva wa malori aliyekulia Mombasa. Alifungua kitambaa na kuniwekea mezani kifuniko cha mbele cha sailensa yake. Tundu la katikati, ambalo lingepaswa kuwa duara safi, lilikuwa limemeguka upande mmoja kama jino lililovunjika, kwa sababu sailensa haikufungwa sawasawa kwenye mtutu na risasi ikapita ikikwaruza ukingo. Rafiki yake kazini alikuwa na mashine ya kukereza vyuma na alijitolea kumtengenezea kifuniko kingine kwa nusu saa.

“Wakili, hiki si changu?” aliniuliza. “Nimekilipia, na karatasi zote ninazo.”

Nikamjibu, “Ni chako, kaka. Lakini karatasi zako zinataja sailensa moja, na rafiki yako anataka kukutengenezea ya pili.”

Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya, na sikumlaumu, kwa kuwa jibu hilo halieleweki mpaka usome tafsiri ya neno lenyewe katika sheria. Kifungu cha 921 cha Kitabu cha 18 cha sheria za Marekani hakiishii kwenye kifaa kizima kinachopunguza mlio wa bunduki. Kinajumuisha pia mkusanyiko wowote wa vipande vilivyokusudiwa kuundia sailensa, na kisha kinaongeza kipande chochote kilichokusudiwa kwa kazi hiyo pekee. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kisahani kimoja cha ndani kisicho na kazi nyingine duniani ni sailensa. Kifuniko cha mbele kipya, kikiwa bado na joto la mashine, ni sailensa, nacho kinapaswa kusajiliwa kabla hakijatengenezwa.

Kampuni ya SIG Sauer iliijaribu mipaka ya maneno hayo mahakamani. Iliunda bunduki yenye kifaa kilichochomelewa kwenye mdomo wa mtutu, ikaeleza kwamba ni cha kupunguza msukumo wa bunduki wakati wa kufyatua. Wakala wa serikali unaosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko, ambao kila mtu anauita ATF, ulikiona kifaa hicho kuwa kiini cha sailensa kilichokosa bomba la nje tu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza ilikubaliana na ATF. Ikiwa kampuni yenye wahandisi na mawakili wake ilishindwa kwa hoja kwamba “hiki ni kipande tu”, mtu binafsi mwenye karakana nyuma ya nyumba asiitegemee hoja hiyo.

Neno la pili la kulichunguza ni “kutengeneza”. Sheria ya Taifa ya Silaha ya mwaka 1934, iliyomo ndani ya kanuni za kodi, inataka mtu yeyote asiye mtengenezaji mwenye leseni apate kibali kabla ya kutengeneza silaha ya kundi hili, sailensa ikiwemo, na kibali hicho huombwa kwa Fomu 1. Kifungu cha 5845 kinapofafanua kutengeneza kinataja kuunda, kuunganisha na pia kubadilisha. Kwa hiyo mtu anayesema “sikutengeneza, nilibadilisha tu” amejieleza kwa neno lilelile lililomo katika kifungu cha kumshitaki.

Je, mwenye sailensa haruhusiwi kufanya chochote? Anaruhusiwa mambo kadhaa. Kuisafisha, kuifungua na kuifunga kama mtengenezaji alivyokusudia, na kuipaka rangi mradi namba ya mfululizo ibaki ikisomeka, hayo ni matunzo ya kawaida. Vifungio vya kuiunganisha na mtutu huuzwa waziwazi bila usajili. Sailensa zilizoundwa kiwandani kwa vipande vya kurefushwa na kufupishwa zinaweza kutumika kwa urefu wowote ambao kiwanda kilizisajili nao. Tatizo huanza pale kipande kipya kinapozaliwa, au pale kile cha zamani kinapogeuzwa kuwa kitu ambacho usajili haukikusudia. Msimamo wa ATF ni kwamba kufupisha kidogo bomba lililoharibika katika matengenezo kunakubalika, lakini kulirefusha ni kutengeneza sailensa mpya. Hata vile visahani laini vya mpira vinavyogusa risasi inapopita, ambavyo huchakaa haraka na ambavyo mtu angedhani ni kama kubadilisha betri ya tochi, ATF huvihesabu kuwa sehemu za sailensa.

Walionipa shida zaidi ni wale waliotengeneza sailensa zao wenyewe kwa kibali cha Fomu 1, kwa kuwa wanaamini kibali hicho kinawafanya kuwa mafundi wa kudumu wa kifaa hicho. Kibali kilikuwa cha kutengeneza kifaa kimoja, mara moja. Kisahani kikipasuka miaka mitatu baadaye, kutengeneza kingine ni kazi ya mwenye leseni ya utengenezaji.

Nawasihi pia wasomaji wangu wasidanganyike na habari ya kodi. Ile kodi ya dola 200 ya kutengeneza sailensa au kuhamisha umiliki wake, iliyodumu tangu 1934, iliondolewa kwa sailensa kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025. Kiasi kimekuwa sifuri, lakini fomu, alama za vidole, usajili na kungoja kibali vimebaki. Nimeshasikia mara nyingi mno watu wakisema kwamba “siku hizi ni bure”, na kwenye neno hilo bure wakapenyeza ruhusa ambayo haipo.

Hali ni hiyo hiyo kwa sheria za majimbo. Kansas ilipitisha sheria mwaka 2013 ikitangaza kwamba silaha zilizotengenezwa na kubaki ndani ya jimbo haziguswi na serikali kuu. Mwenye duka mmoja akauza sailensa bila usajili wa shirikisho, na mteja wake akanunua, wote wawili wakiitegemea sheria hiyo. Wote wawili walitiwa hatiani, na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi ikathibitisha hukumu mwaka 2018. Texas nasi tulipitisha sheria ya kufanana mwaka 2021. Mteja akinionyesha sheria hiyo, mimi humwonyesha hukumu ya Kansas.

Kuvunja kifungu cha 5861 cha Sheria ya Taifa ya Silaha, chenye makosa ya kutengeneza bila kibali, kumiliki kisichosajiliwa na kufuta namba, kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 10. Kwa raia wa Marekani, hesabu ya hasara inaishia kwenye kifungo, faini na kupoteza haki ya kumiliki silaha. Kwa wengi wanaosoma lugha hii wakiwa huku, haiishii hapo. Sheria ya uhamiaji imeorodhesha makosa inayoyaita mazito, na ndani ya orodha hiyo kifungu cha 5861 kimetajwa kwa namba yake. Mwenye kadi ya kijani aliyeishi hapa miaka 20, akilipa kodi na kusomesha watoto, akikiri kosa hilo ili apate adhabu nyepesi, amejiweka katika njia ya kufukuzwa nchini, na ule msamaha ambao jaji wa uhamiaji angeweza kumpa mkazi wa muda mrefu unafungwa kwake. Kipande cha chuma kisichojaa kiganja kinaweza kuitenganisha familia. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Padilla mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri kosa. Kama wakili wako hajaligusa hilo, muulize wewe, na usitie saini kwanza.

Wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi, wana mlango mwembamba zaidi, kwa kuwa kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki silaha kabisa isipokuwa wawe ndani ya misamaha michache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na mtu akihama kwa ajili ya kazi, akumbuke kwamba majimbo kama California, New York na Illinois hayamruhusu mtu binafsi kuwa na sailensa hata ikiwa imesajiliwa.

Yule ndugu wa Mombasa nilimshauri amwambie rafiki yake asiwashe mashine. Tuliiandikia kampuni iliyoitengeneza sailensa, ikakubali kuipokea. Kuipeleka kwa mwenye leseni kwa matengenezo hakuhesabiwi kuwa ni kuihamisha umiliki, lakini ATF hushauri kujaza Fomu 5 ili kuwe na ushahidi, nasi tukaijaza. Tuliifunga sailensa pamoja na kifuniko kilichomeguka, kwa sababu kipande kibovu nacho hakipaswi kubaki kabatini. Iliporudi ilikuwa na kifuniko kipya na namba ileile ya mfululizo iliyo kwenye karatasi zake. Tuliilinganisha pamoja, tarakimu kwa tarakimu, kabla hajaiweka kwenye mkoba.