Pythagoras hajakukopesha, muache

Juzi nimetumiwa tena ile picha ya "shuleni walitufundisha Pythagoras, hawakutufundisha pesa, ndo maana tuna madeni". Jamani. Nafundisha hesabu na elimu ya fedha sekondari, na asilimia ulifundishwa, riba ulifundishwa, we ulikuwa unapiga stori nyuma ya darasa.

Ila hilo nasamehe. Kinachonichosha ni wanaosema elimu ya fedha ikiwa somo la lazima basi shida imeisha, ukiwauliza litafundisha nini wanakwambia bajeti, akiba, nidhamu. Bajeti ni kujumlisha na kutoa, wiki moja umemaliza. Watu wanaumizwa kwenye mkataba wa mkopo, na hapo bila hesabu hutoki.

Chukua mkopo wa 1,200, mwaka mmoja, riba asilimia 12. Mkopeshaji wa kwanza anapiga asilimia 12 ya 1,200 yote, inakuja 144, anajumlisha anagawa kwa miezi 12, rejesho 112 kila mwezi. Wa pili anakata asilimia 1 kwa mwezi kwenye deni lililobaki tu, rejesho lako ni 106.62 na riba ya mwaka mzima haifiki 80. Bango la huyu 12, bango la yule 12, na hakuna aliyedanganya! Sasa angalia mwezi wa mwisho kwa yule wa kwanza, deni limebaki 100 lakini bado anakutoza riba ya 12, ile ile aliyokutoza siku 1,200 yote ilipokuwa mkononi mwako. Ukiigeuza iwe riba ya salio linalopungua, kama anavyopiga yule wa pili, unapata asilimia 21 na ushee kwa mwaka. Yaani nikifika hapo hata wale wa nyuma wanaacha stori.

Nikiri kitu. Watafiti Fernandes, Lynch na Netemeyer mwaka 2014 walikusanya tafiti kibao wakakuta elimu ya fedha inaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia za watu kwenye pesa, tena inafifia kadiri muda unavyokwenda. Kaiser na wenzake mwaka 2022 wakapitia majaribio 76 wakaona inasaidia kuliko hivyo. Halafu Cole, Paulson na Shastry, kwa data za Marekani, wakakuta kulazimisha somo la fedha hakukubadilisha kitu, ila kuongeza masomo ya hesabu kulisaidia. Ndo Pythagoras huyo huyo mnayemtukana! Mimi bado nataka somo liwe la lazima, ila kuna siku naingia darasani najiuliza kama nafundisha kitu kitakachokumbukwa miaka kumi mbele.

Kuna mwanafunzi wangu, alikuwa anaongoza kwenye mada hii, nikakutana naye baadaye ana mkopo wa aina ile ya kwanza. Nikamuuliza, ile hesabu hukuipiga? Akacheka. "Niliipiga mwalimu, nikaiona kabisa hiyo 21. Lakini yule wa pili alitaka wadhamini wawili na wiki mbili za kusubiri, mimi hela nilikuwa naitaka kesho yake asubuhi."