Puto ambalo halijapasuka

Pulizeni maputo manne yalingane, yafungeni pamoja shingoni, kisha yawekeni mezani. Hayatalala bapa kama msalaba. Yatasukumana mpaka matatu yakae chini kama mafiga na la nne litazame dari. Hiyo ndiyo methani, CH4: kaboni katikati, haidrojeni nne, na pembe ya nyuzi 109.5 kati ya kila mbili. Kila puto ni jozi ya elektroni za nje za atomu ya katikati, na jozi hizo husukumana kama maputo.

Kuna mwanafunzi wangu aliyetaka kunionyesha amonia, NH3. Akachukua sindano, pa! Puto moja likapasuka, na matatu yaliyobaki yakajipanua yakalala bapa, nyuzi 120 kila upande. "Amonia hiyo, mwalimu!" Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga, maana sijawahi kupata kosa linalofundisha vizuri kama lile.

Alichokitengeneza ni boroni trifloraidi, BF3. Boroni ina elektroni tatu za nje, na zote zimeingia kwenye bondi, yaani kiungo kati ya atomu na atomu. Naitrojeni inazo tano: tatu zimeshikana na haidrojeni, mbili zimebaki jozi pweke, isiyoshika atomu yoyote. Puto la nne lipo palepale, ila umbo tunalitaja kwa kutazama atomu tu, kwa hiyo halionekani. Tena hiyo jozi pweke hutanuka kuliko jozi zilizo kwenye bondi, ikayabana mafiga hadi nyuzi 107 hivi.

Maji yana jozi pweke mbili, na pembe yake ni 104.5. Hapa ndipo wengi hunaswa kwenye mtihani: H2O ina atomu tatu, CO2 ina atomu tatu, basi zote wanazichora mstari mnyoofu. Lakini kaboni ya CO2 imemaliza elektroni zake zote nne, mbili kwa kila oksijeni, na bondi maradufu kama hiyo huhesabiwa puto moja. Maputo mawili, yamekimbiana hadi 180. Oksijeni ya maji ina elektroni sita na imetumia mbili tu. Kwa kupinda hivyo maji hupata upande hasi na upande chanya, ndiyo maana chumvi inayeyuka kwenye mchuzi wako.

Wanakemia Sidgwick na Powell waliliweka wazo hili la jozi kusukumana mezani mwaka 1940 huko Uingereza. Wenzao Gillespie na Nyholm wakalinyoosha mwaka 1957. Ni hesabu ya haraka, nami naipenda, ila ina mipaka. H2S, ile gesi ya harufu ya yai viza, ina maputo sawasawa na ya maji, lakini pembe yake ikipimwa ni nyuzi 92. Tulijua itapinda. Kwamba itapinda kiasi hicho, maputo hayakutuambia.

Mwanafunzi wa sindano nilimpa XeF4 aende nayo nyumbani. Zenoni ina elektroni nane za nje, nne zimeshika florini, zimebaki jozi pweke mbili: jumla maputo sita. Kesho yake akaja na mchoro. Jozi pweke moja juu, nyingine chini, mbali kabisa na mwenzake, na florini nne katikati zimelala bapa, nyuzi 90, kama msalaba.