Mahavishnu si Mhindi

Hapa Lamu, gitaa la John McLaughlin wa bendi ya Shakti likilia kwenye simu barazani, husikii ila: “Huyo Mhindi!” La hasha. John McLaughlin ni Mwingereza, mzaliwa wa Doncaster, 1942. Jina Mahavishnu alipewa na mwalimu wake wa kiroho, Sri Chinmoy, naye akaipa bendi yake ya 1971 jina hilo. Kabla ya hapo alisharekodi na Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, New York.

Kosa linaeleweka. Masikio yetu yamelelewa na taarabu yenye tabla, ngoma za Kihindi, na Shakti mlikuwa na tabla ya hayati Zakir Hussain. Tena litazame gitaa lenyewe: nyuzi saba za ziada zimepita kimshazari, zikivuma zenyewe za juu zinapopigwa. Uhindi huo McLaughlin aliusomea ukubwani, na kwa hilo namheshimu zaidi.