Moto Haukuzimika kwa Kukosa Semina

Mwanakondoo wetu ameshinda! Jumapili nyingine imepita, na mlangoni nimeshikwa mkono tena: "Mchungaji, moto umezima. Tuletee semina." Haya, leo naandika.

Machozi ya ibadani si kipimo cha moto wa Roho. Wale wawili wa Emau mioyo iliwaka njiani, wakaja kutambua baadaye, mkate ulipomegwa. Na Waefeso walipouacha upendo wa kwanza, Bwana aliwataka wakumbuke, watubu, wayarudie matendo ya mwanzo. Tuendelee.

Kinachonikera ni tarehe 13 Agosti 1727. Sisi Wamoravian wa huku Rungwe tunaipenda mno: Meza ya Bwana pale kanisani Berthelsdorf, Ujerumani, Roho akashuka juu ya wazee wetu wa Herrnhut. Tarehe 12 Mei ya mwaka uleule mbona hamuitaji? Herrnhut kilikuwa kijiji cha jirani, cha wakimbizi wa imani, na ugomvi wao haukuwa wa kitoto. Zinzendorf, yule bwana mwenye ardhi aliyewapokea, alipita nyumba kwa nyumba, akakaa nao, akawasikiliza, mpaka siku hiyo wakatia sahihi mapatano ya kuishi kama ndugu. Moto ulifuata miezi mitatu baadaye! Tarehe 27 Agosti wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za siku, kila mtu na saa yake ya kuomba. Zamu ile ilidumu takriban miaka 100. Zamu, jamani. Ratiba. Spika hawakuwa nazo.

Ninyi mnataka mkesha, na hapo mbele kwenye kwaya kuna kina mama wawili wanaimba sauti moja bila kusalimiana, kisa mpaka wa shamba la migomba. Tukifika kupeana mkono wa amani, mmoja anainamia mkoba wake kutafuta leso. Leso yenyewe anayo mkononi.

Sasa msininukuu vibaya. Wapo waliopatana na kila mtu, alfajiri wameshafungua Biblia na baridi yote hii ya Tukuyu, na moyo bado mkavu, mwaka wa pili sasa. Kwa nini, sijui. Zaburi ya 88 inaishia gizani na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Wengine nimewasindikiza hospitali, ikaonekana ni sonona, na washirika wakasema mchungaji hana imani. Waseme tu.

Semina mtaipata Agosti. Ila wenye migomba yao waje ofisini kabla. Wazee wa kanisa nimeshawaita, na futi ya kupimia tunayo.