Je, wajua ni kwa nini nyuki wa Nairobi hufichua uchafu ambao asali yake haiuonyeshi?

Mzinga ukiwekwa katika Bustani ya Miti ya Nairobi, jirani na Ikulu, nyuki vibarua wake hawatatosheka na maua ya bustanini. Kwa kawaida nyuki huruka kilomita moja hadi tatu kutafuta chakula, na chakula kikiadimika huenda mbali zaidi, hivyo mzinga huo mmoja utafika Westlands, Kilimani, Uhuru Park na sehemu ya katikati ya jiji. Duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 3 lina eneo la takriban kilomita 28 za mraba. Humo maelfu ya vibarua hutua kutwa nzima juu ya maua, majani, utomvu wa miti na madimbwi ya maji, kisha wote hurudi mahali pamoja. Ni vigumu kwa binadamu kukusanya sampuli nyingi namna hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho, na ndiyo sababu watafiti humtumia nyuki kupima uchafuzi wa mazingira.

Maumbile yake pia yanamsaidia mtafiti. Mwili wa nyuki umejaa vinyweleo vyenye matawi, na anaporuka hupata chaji ya umemetuli inayovuta chavua imrukie hata kabla hajaligusa ua. Umemetuli huo haubagui. Masizi ya matatu za dizeli, vumbi la breki na la matairi, na chembe za metali nzito kama risasi, zinki au kadimiamu zilizo hewani hunasa palepale chavua inaponasa.

Mtu akisikia habari hii, wazo la kwanza ni kupeleka chupa ya asali maabara. Kwa kweli, kuhusu metali nzito, asali ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote waliomo mzingani. Kibarua hubeba nekta katika kifuko kilicho tumboni mwake, na akifika huwakabidhi wenzake wa ndani, ambao huipokezana mdomo kwa mdomo kabla ya kuiweka kwenye sega. Sehemu ya metali iliyokuwamo hubaki katika miili yao. Kwa hiyo vipimo huonyesha mara nyingi kwamba metali hizo ni nyingi katika nyuki wenyewe, katika gundi wanayozibia nyufa za mzinga na katika chavua, huku asali ikiwa na kiasi kidogo sana. Hiyo ni habari njema kwa mlaji, ingawa mlaji wa Nairobi ana sababu kubwa zaidi ya kuihofia sukari iliyochanganywa katika asali yake, na kosa hilo si la nyuki.

Nta ina kumbukumbu ya aina nyingine. Kwa kuwa ina asili ya mafuta, hunyonya sumu zinazoyeyuka katika mafuta, zikiwemo dawa nyingi za kuua wadudu wa mashambani, na kuzihifadhi kwa miaka. Kibarua wa msimu wa kazi huishi wiki 6 hivi, na huenda nje kutafuta chakula katika wiki za mwisho tu, kwa hiyo mwili wake husimulia ya juzijuzi; sega kuukuu husimulia ya zamani. Huko Ulaya na Marekani usomaji wa nta huvurugika kwa sababu wafugaji wenyewe hutia dawa mzingani kupambana na utitiri wa varoa. Wafugaji wengi wa Kenya hawatumii dawa hizo, hivyo sumu inayopatikana katika nta yetu ina uwezekano mkubwa wa kuwa imetoka nje. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 katika maeneo 24 ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta varoa karibu kila mahali, lakini ulipata mabaki ya viuatilifu vinne tu, tena kwa viwango vya chini.

Asali nayo haifai kudharauliwa kabisa, kwa sababu vyombo vya siku hizi husoma viwango vidogo mno. Kanisa kuu la Notre-Dame lilipoungua jijini Paris tarehe 15 Aprili 2019, paa lake lililoezekwa kwa risasi liliteketea. Asali iliyorinwa miezi michache baadaye upande ulikoelekea moshi ilikuwa na risasi zaidi ya asali ya kwingineko jijini, ingawa haikuvuka kikomo cha Ulaya cha miligramu 0.1 kwa kilo. Mwaka huohuo, watafiti wa Vancouver nchini Kanada walichapisha vipimo vya aisotopu za risasi, yaani aina za atomi zake zinazotofautiana kwa uzito, katika asali. Uwiano wa aisotopu hizo hutofautiana kulingana na madini asilia ya risasi hiyo, hivyo huweza kudokeza ilikotoka.

Kwa Nairobi, swali hilo la asili ya risasi ni zito. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na iliyotua kando ya barabara zetu bado inaweza kutimuliwa pamoja na vumbi. Karibu na jaa la Dandora, utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 ulichunguza watoto na vijana 328, na nusu ya waliopimwa damu walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Ningependelea onyo kama hilo litoke kwanza mzingani.

Hata hivyo, mzinga hautaji mtaa. Unatoa wastani wa kilomita zote walizozunguka vibarua, na nyuki wa Kiafrika huweza kuuhama ghafla wakisumbuliwa au chakula kikipungua. Ndiyo maana kazi hii huhitaji mizinga kadhaa iliyotawanywa, na vibarua wanaokamatwa mlangoni wakirejea. Maabara inaweza kuwagawa mafungu mawili, moja lioshwe na jingine lisioshwe. Tofauti kati ya mafungu hayo huonyesha ni metali kiasi gani kilichokuwa vumbi la juu tu, na kiasi gani kimeshaingia mwilini kwa chakula na maji.