Je, wajua kwa nini mwanasiasa mwenye jina hukataa kuwania useneta?

Mwaka 2022 Wycliffe Oparanya alikuwa anamaliza miaka yake kumi ya ugavana Kakamega. Katiba, kifungu cha 180, haimruhusu gavana kupita mihula miwili, kwa hivyo ilimbidi atoke. Jina lake lilijulikana kuanzia Likuyani hadi Khwisero, kaunti ilikuwa imemchagua mara mbili, na kiti cha seneta kilikuwa wazi, maana Cleophas Malala aliyekikalia alikuwa anautaka huo ugavana. Oparanya hakukiomba. Hakuomba kiti chochote. Jirani wa kule Uasin Gishu, Jackson Mandago, ambaye naye alikuwa amemaliza mihula miwili ya ugavana, aliomba useneta wa kwao akaupata.

Tulikuwa tumekaa Muliro Gardens, hapa mjini Kakamega, kijana mmoja wa bodaboda aliponigeukia na kuniuliza kuhusu mwanasiasa kama huyo: "Mwalimu, kiti kiko pale, watu wanakupenda, unakiachaje?" Wazee waliokuwa kwenye benchi walinyamaza wasikie nitasema nini. Nilijibu kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa linazama. Jibu lenyewe ni refu, na leo nina nafasi ya kulitoa lote.

Tuanze na seneta ana nini mkononi. Seneti ya Kenya ina wanachama 67. Kati yao 47 huchaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kaunti, na waliobaki huteuliwa na vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Kazi yao imeandikwa katika kifungu cha 96: kuziwakilisha kaunti, kujadili sheria zinazozihusu, kuamua jinsi kaunti zitakavyogawana pesa za taifa, na kuchunguza matumizi ya pesa hizo. Gavana au naibu wake akiondolewa na bunge la kaunti, kesi husikizwa Seneti. Naibu gavana wa Siaya, William Oduol, aliokolewa huko Juni 2023. Mwenzake wa Kisii, Robert Monda, hakuokoka Machi 2024. Hata rais akishtakiwa na Bunge la Kitaifa, ni maseneta wanaoamua abaki au aende.

Ukisoma hayo utadhani kila mwanasiasa angepigania kiti hiki kufa na kupona. Sasa twende mashinani.

Msimu wa kampeni za 2022 nilihudhuria mazishi upande wa Shinyalu. Ilikuwa Jumamosi, hema mbili, viti vya plastiki, spika zikikoroma. Aliyekuwa akisaka ubunge alisimama akaahidi mambo ambayo kila mtu pale aliyaelewa papo hapo: mayatima wawili wa marehemu wangepata basari, na shule iliyo ng'ambo ya mto ingeongezwa madarasa. Watu wakapiga makofi. Akafuata aliyekuwa akisaka useneta. Alizungumza vizuri, tena bila kumtukana mtu. Alieleza mgao wa mapato, akaeleza jinsi Bunge la Kitaifa linavyoibana Seneti, akataja mabilioni. Nyuma yangu mama mmoja aliyefunga leso kiunoni alimgusa mwenzake akasema kwa sauti ya chini: "Na huyu anatuletea nini?"

Swali hilo ndilo linalowafukuza wengi.

Mbunge ana mfuko wa maendeleo ya eneobunge, CDF, ambao kisheria hupata asilimia 2.5 au zaidi ya mapato ya serikali ya kitaifa, ugawiwe maeneobunge yote 290. Kila eneobunge hupata zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mwakilishi wa kike wa kaunti ana mfuko wake wa vikundi vya akina mama na vijana. Gavana ana bajeti ya kaunti nzima, hospitali, barabara za mitaani, masoko na ajira. Mwakilishi wadi hupata angalau pa kuelekeza taa na kalvati. Seneta hana mfuko wa aina hiyo. Nenda shule yoyote ya msingi Magharibi utaona ukuta umepakwa rangi, na maandishi makubwa yanayosema darasa limejengwa kwa pesa za CDF. Maseneta wameomba mfuko wao wa uangalizi kwa miaka mingi, na hadi pendekezo la kuuingiza kwenye Katiba lilifika bungeni 2025.

Kinachoniuma ni kwamba kazi ya seneta ipo, ila haionekani kwa macho. Mwaka wa fedha wa 2025/26, Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zote zipewe shilingi bilioni 405. Seneti ilidai bilioni 465. Walivutana, wakaunda kamati ya upatanishi, wakakubaliana bilioni 415. Bilioni 10 hizo za ziada ni dawa katika zahanati na mishahara ya wauguzi, Kakamega, Kisumu, Nakuru na kwingineko. Hazina ukuta wa kupakwa rangi. Hakuna mama wa Shinyalu atakayeelezwa kwamba sindano aliyochomwa mtoto wake ilitokana na mvutano wa kamati jijini Nairobi.

Ongeza gharama. Mtu anayetaka useneta wa Nakuru lazima azunguke maeneobunge 11, kuanzia Naivasha na Gilgil, apite Subukia, Bahati na Rongai, apande hadi Molo na Kuresoi, akiwatafuta wapigakura zaidi ya milioni moja. Kakamega ni maeneobunge 12. Mafuta, mabango, vijana wa kulinda mikutano, mawakala wa vituoni, yote hayo ni yaleyale anayolipa mgombea ugavana, kwa kuwa uwanja ni mmoja na wapigakura ni walewale. Akishinda, atalipwa mshahara sawa na mbunge aliyezunguka eneobunge moja tu. Mwenye nguvu za kuifikia kaunti nzima hujiuliza mara moja: kama nitazunguka kote huku, kwa nini nisiombe ugavana?

Na ndivyo wanavyofanya. Anyang' Nyong'o alikuwa seneta wa Kisumu kuanzia 2013. Ilipofika 2017 hakukitetea kiti, aliomba ugavana akashinda. Stephen Sang alifanya vivyo hivyo Nandi mwaka huohuo. Mwaka 2022 James Orengo aliuacha useneta wa Siaya baada ya mihula miwili, na Susan Kihika akauacha wa Nakuru baada ya mmoja. Wote sasa ni magavana. Kwao Seneti ilikuwa daraja, na daraja lenyewe liliwavusha.

Hapa kwetu Kakamega lilivunjika mara mbili. Boni Khalwale, seneta wetu wa kwanza, alitoka 2017 akakabiliana na Oparanya kwenye ugavana. Akashindwa, akakaa nje miaka mitano. Malala aliyemrithi hakuogopeshwa na hilo. Mwaka 2022 naye aliuacha useneta akaomba ugavana, na uchaguzi wake ukawa wa ajabu: picha kwenye karatasi za kura za ugavana zilikuwa zimechanganywa, kura ya Agosti 9 ikaahirishwa, na watu wa Kakamega wakarudi vituoni Agosti 29 kumchagua gavana peke yake. Fernandes Barasa akashinda. Kiti cha useneta alichokiacha Malala kilikuwa tayari kimechukuliwa Agosti 9, na aliyekichukua ni Khalwale, yuleyule aliyekiacha 2017. Kwa hivyo tangu Seneti irudi, hakuna seneta wa Kakamega aliyewahi kurudi kwa wananchi na kuwaambia: nichagueni tena niendelee na kazi hii. Mimi naliona hilo kuwa hasara. Mtu hutumia miaka miwili kuzielewa hesabu za mgao, na akishazielewa anaanza kampeni za kuondoka.

Sasa turudi kwa Oparanya, maana yeye hakuwa wa kupanda kutoka Seneti. Alikuwa ameshatoka juu. Siwezi kuingia moyoni mwake, lakini mambo yaliyokuwa hadharani yanatosha kutuonyesha hesabu ya gavana anayestaafu.

La kwanza ni ahadi. Mei 2022 Raila Odinga, alipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake, alimtaja pia Oparanya kuwa ndiye atakayempa Wizara ya Fedha akiingia Ikulu. Mwenye ahadi ya hazina ya taifa hana haja ya kwenda kupigania kiti kisicho na mfuko. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge wala seneta kwa Katiba hii, kwa hivyo angeshinda useneta angelazimika kuuachia na watu warudie uchaguzi. Charles Keter alifanya hivyo Kericho: alichaguliwa seneta 2013, akateuliwa waziri 2015, na Kericho ikarudi vituoni Machi 2016. Raila hakushinda 2022, Oparanya akabaki bila ofisi ya serikali hadi alipoingia baraza la mawaziri Agosti 2024. Huo ndio ubaya wa ahadi. Wanaokupenda hawana la kukusaidia aliyekuahidi akianguka.

La pili halisemwi sana mikutanoni, nami naliona zito kuliko watu wanavyodhani. Kamati za Seneti za hesabu za kaunti huwaita magavana wajibu maswali kuhusu ripoti za Mkaguzi Mkuu, na ripoti hizo mara nyingi huwa za miaka iliyopita. Gavana wa jana akigeuka seneta wa leo, atakaa upande wa wanaouliza huku mrithi wake akijibu juu ya madeni na miradi iliyoachwa na muulizaji mwenyewe. Wapo wanaoweza kuketi hapo bila wasiwasi. Wengine huona afadhali kupumzika nyumbani.

Yapo na mengine, ya chama na ya jamii. Katika kaunti zenye makabila mawili au matatu makubwa, au zenye koo zinazoshindana, viti hupangwa chini ya mti kabla ya kura za mchujo: gavana atoke huku, seneta atoke kule. Mwenye jina akiambiwa ni zamu ya upande mwingine, na chama kikaamua kutoa tiketi ya moja kwa moja, hubaki na njia mbili, kumpisha mwenzake au kuwa mgombea huru. Njia ya pili inataka awe amekaa nje ya chama chochote angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na awe na saini za wapigakura 2,000 wa kaunti. Saini si tatizo. Kusimama bila chama katika ngome ya chama, hasa kule Nyanza, hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Wala si Kenya pekee. Marekani useneta ni kiti kizito: maseneta ni 100 tu, wawili kwa kila jimbo, muhula ni miaka sita, na bila wao rais hawezi kuweka jaji wa Mahakama ya Juu. Hata hivyo Novemba 2021 gavana wa New Hampshire, Chris Sununu, alikataa kuwania akachagua kutetea ugavana wake, na Mei 2025 Brian Kemp wa Georgia naye akatangaza kwamba hatawania. Aliyezoea kutoa amri ofisini asubuhi na kuona matokeo jioni huona dhiki kwenda kuwa sauti moja kati ya mia.

Kwetu kuna jeraha la zamani pia. Bustani tuliyokaa siku ile imebeba jina la Masinde Muliro, aliyekuwa naibu kiongozi wa KADU, chama kilichotaka majimbo yenye nguvu. Kenya ilipopata uhuru 1963 ilikuwa na Seneti ya watu 41. KADU ilijivunja 1964, na kufikia 1966 Seneti nayo ilikuwa imeunganishwa na bunge la chini ikatoweka. Ilirudi baada ya uchaguzi wa 2013. Karibu miaka 50 watu wetu waliishi bila seneta, wakazoea kumjua mbunge na diwani.

Agosti 10, 2027 tutapiga kura tena. Nyong'o wa Kisumu, Wilber Ottichilo wa Vihiga na Sang wa Nandi watakuwa wamemaliza mihula yao miwili, na kila mmoja ataulizwa lile swali la kijana wa bodaboda.

Lakini bado sijamjibu yule mama wa mazishini aliyeuliza seneta anatuletea nini. Juu ya sheria zinazohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja Seneti. Kakamega yenye watu 1,867,579 kwa hesabu ya 2019 ina kura sawa na Lamu. Mwaka 2020 maseneta walishindwa mara kadhaa kukubaliana kuhusu kanuni ya kugawana pesa, kwa sababu kundi moja lilikataa kaunti yoyote ipunguziwe. Agosti 17, siku ya kupiga kura, maseneta watatu wa kundi hilo walikamatwa na polisi: Christopher Langat wa Bomet, Steve Lelegwe wa Samburu, na Malala wetu. Kura ikaahirishwa. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 17, Seneti nzima ilikubaliana, na mgao wa kaunti ukaahidiwa kupanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370.